Borafya na Vilima Viwili vya Karafuu

Ukitaka kumjua Borafya Ame, usimuulize mwenyewe. Ukimuuliza mwenyewe utakikosa chakula cha mchana. Niulize mimi, fundi viyoyozi, niliyeacha skuli mapema kwa kuwa walimu walikuwa hawana jipya la kunambia. Chumba chake cha kazi nnakijua kuliko anavyokijua yeye, maana yeye hukitizama akiwa kainama mezani, na mimi hukitizama kutoka juu ya ngazi, na kutoka juu mtu unamuona mpaka upara anaouficha.

Borafya ni mtu wa Makunduchi. Huko kwao, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume wakitwangana kwa migomba, yeye alikuwa maarufu kwa kumpiga mtu mmoja kisha kupotea mpaka chakula kiive. Alipohamia mjini akakaa Jang'ombe, akamuoa Mwanamwema, bibi mwenye mkono wa udi. Akipika udi yule, mtaa wa pili wanajua. Na Borafya akapata kazi Darajani, duka la miwani la shemegi yake. Kazi yenyewe kusaga vioo. Hapo sina la kumsema, mkono anao. Kioo anakipapasa kwa ukucha, anakwambia hapa pana tumbo, na kweli pana tumbo. Lakini yule shemegi alikuwa akimkumbusha kila asubuhi kwamba kamuoza dada na kazi kampa, na Borafya hakuumbwa kukumbushwa. Aliumbwa kuwakumbusha wenziwe.

Ndipo ikaja ile maabara ya Mtoni. Nyumba kongwe, si mbali na magofu ya kasri, wakaipiga chokaa, wakaitia mashine ya kuchunguzia karafuu na mwani. Walikuwa wanatafuta mtu anayeweza kushika kioo bila ya kuacha alama ya kidole. Borafya akenda, akachukuliwa, akapelekwa Ulaya kufundishwa. Akarudi na koti. Koti la sufu, Unguja, kaskazi imeshika, watu wanalala kwenye sakafu tupu. Akalivaa mpaka barazani.

"Borafya, unaumwa?" wakamuuliza.

"Siumwi. Mwili wangu ushazoea hewa nyengine."

Jasho lilikuwa linamteremka mpaka kwenye makubadhi.

Mashine yenyewe ina jina refu kama ukoo wa mtu anayedai shamba: hadubini ya mtawanyiko wa Raman unaochochewa. Borafya halifupishi hata mara moja. Ukimuuliza anakwenda wapi asubuhi, hakwambii kazini, anakusomea jina zima, na gari la Bububu linakwenda zake.

Mimi alonifahamisha ni Daktari Nadra, mkuu wa maabara, siku moja nimepanda ngazi nnasafisha kichujio. Nikafahamu hapo hapo, kwa kuwa kichwa changu hakijajazwa mambo mengine. Kila kitu, alisema, kina mtikiso wake. Mafuta ya karafuu yanatikisika kivyake, kijiti cha karafuu kinatikisika kivyake. Unachukua miali miwili ya leza, rangi zake mbali mbali, unaipiga pamoja juu ya kipande chembamba cha karafuu. Tafauti ya rangi ya hii na ile ikiwa sawa na mtikiso wa mafuta, mafuta yanacheza. Yakicheza, mwali mmoja unapungua kidogo na mwengine unazidi. Kompyuta inaliona lile pungufu, inachora kilima. Badilisha tafauti, kitacheza kitu chengine, utapata kilima chengine. Hivyo unajua ndani ya karafuu moja mafuta yamekaa wapi na kijiti kimekaa wapi, bila ya kuitia dawa wala rangi.

Sasa shida. Kilima cha mafuta na kilima cha kijiti ni majirani wa Jang'ombe. Huyu akipiga chafya chumbani kwake, yule anamjibu yarhamukallah chumbani kwake. Na leza ilikuwa inatoa vimweko vifupi mno, kupepesa jicho mbele yake ni kama kungoja mvua. Kimweko kifupi namna hiyo hakiwezi kuwa na rangi moja tu. Kinakuja na rangi kadhaa, zote zinasema kwa pamoja, kama ukumbi wa harusi kabla bibi harusi hajatoka. Unauliza swali moja, wanakujibu wote. Kwa hivyo kompyuta ikawa inachora kilima kimoja, kinene, kama nundu ya ng'ombe, na humo ndani mafuta yepi na kijiti kipi, Mungu ajua.

Waliotoa mashine wakaleta ujumbe. Kama Unguja hamuwezi kuvitenga vilima viwili, mashine tunaipeleka bara, wanaoitaka wapo. Wakaguzi watakuja kutizama kwa macho yao. Na mashine ikiondoka, maabara haina haja na mtu wa mwanga. Borafya atavua koti, atarudi Darajani kwa shemegi yake, na kila asubuhi atakumbushwa mambo matatu badala ya mawili.

Dawa ilitoka kwa Daktari Nadra. Huyu bibi ni mdogo kwa Borafya kwa miaka mingi, basi kila asubuhi anamwamkia shikamoo kwa adabu zote, Borafya anajibu marahaba na kifua kinamvimba, kisha bibi anamwambia afanye nini na kifua kinashuka. Siku hiyo alimwambia, "Bwana Borafya, tutaurefusha mwanga."

"Mwanga haurefuki, Daktari. Labda kwa waganga."

"Utapita kwenye kioo kizito."

Zikaagizwa fimbo za kioo, nene kama mchi mdogo, nzito kama dhambi. Zilipokuja, Borafya akazipakata kama mtoto wa kwanza. Kioo kizito, tuliambiwa, kinazichelewesha rangi, hii zaidi ya ile. Nyekundu inatangulia, zilizobaki zinafuata. Kimweko kinarefuka, na zile rangi badala ya kusukumana mlangoni zinakaa kwenye mstari. Ukiifanyia miali yote miwili hivyo hivyo, kwa kiasi kile kile, inakuwa kama safu mbili za maulidi ya homu. Hii ikiinama na ile inainama, hii ikiinuka na ile inainuka, nafasi baina yao haizidi wala haipungui. Basi tafauti ya rangi mwanzo mpaka mwisho ni moja, na kinachocheza ni kitu kimoja. Unataka kuuliza kitu chengine, unaichelewesha safu moja kidogo, basi. Lakini safu moja ikiwa ndefu na nyengine fupi, hapo tena si maulidi, ni watoto wamepewa ngoma.

Zikawekwa fimbo mbili njia hii, fimbo mbili njia ile. Borafya akazilaza kwa mkono wake, akisogeza parafujo kama anayetoa mwiba kwenye jicho la mtu. Na kwenye kompyuta ile nundu ikapasuka. Vikatoka vilima viwili, bonde baina yao mpaka chini. Daktari Nadra akakaa kwenye kiti, akacheka peke yake. Ripoti ikapelekwa.

Jang'ombe hapakukalika. Kila baraza ikasimuliwa. "Mimi ndiye nliyeupanga mwanga mstari," Borafya anasema, mguu juu ya mguu.

"Basi njoo upange na foleni ya maji hapa bombani," akamwambia mmoja. "Mwanga hauna ndoo, sisi tuna ndoo."

Hakusikia. Mtu mwenye koti la sufu huwa hasikii.

Na kile chumba akakifanya kama kaburi la walii. Viatu nje. Manukato marufuku, kwa kuwa eti mvuke wake unakaa kwenye kioo. Poda marufuku. Ngazi yangu inafutwa kwa kitambaa kabla haijaingia, na mimi nnapigwa brashi mgongoni kama farasi. Siku moja nilipiga mwayo, akanambia nifunge mdomo, nnatia unyevu.

"Yakhe, nnapumua," nikamwambia.

"Kapumue ukumbini."

Haya. Wakaguzi wakatoa taarifa kwamba kesho watafika. Nami nikaitwa alasiri kukiweka kiyoyozi sawa, nikamaliza, nikaondoka. Borafya akabaki kutengeneza chumba. Akafagia kisichofagika, akafuta kilichokwisha futwa, kisha akasimama kati akatizama, akaona kuna kitu hakipo. Wageni wakubwa wanakuja, na chumba kinanuka chuma na waya. Nyumba gani hiyo isiyofukizwa? Akapanda gari mpaka kwake Jang'ombe.

Haya mengine kayasema Mwanamwema, na bibi yule haongezi, akipunguza labda. Kamuona mumewe anafungua kopo la udi, ule mzuri, wa maharusi.

"Unapeleka wapi udi wangu?"

"Kazini. Wageni kesho."

"Si ulinikataza mimi hata kuja na mafuta ya nywele nilipokuletea chakula? Ukanipokea bakuli dirishani kama mgonjwa wa tauni."

"Mafuta ni uchafu. Udi ni heshima."

"Heshima yenyewe inatoka moshi," akamwambia.

"Mwanamwema, miye nimesomea mwanga."

Akachukua udi, akachukua na chetezo, akachukua na mkaa. Na mimi nnakwambia, mtu aliyekataza mwayo, aliyempiga fundi wa watu brashi, aliingia ndani ya chumba kile, akafunga madirisha ili harufu isitoke, akakiweka chetezo chini ya meza, penye zile fimbo, akafukiza mpaka akaridhika. Angekuwa Mzungu asingefanya. Mzungu hajui kumheshimu mgeni namna hiyo. Hili kosa linataka mtu aliyelelewa vizuri.

Asubuhi nikaitwa mbio. Nafika, nakuta Daktari Nadra kasimama mbele ya kompyuta, na kompyuta haina kilima kimoja wala viwili. Inachora nyasi. Borafya kavaa koti, uso umemkauka.

"Fundi," Daktari akanambia, "kiyoyozi chako kimetema vumbi. Bwana Borafya anasema fimbo moja imeungua."

Nikamtizama Borafya. Borafya akatizama dari.

Sasa hapa nikwambie, mimi kuonewa sioni tabu, nishaoa mara mbili. Lakini kazi yangu isiguswe. Nikaingia, nikavuta pumzi. Chumba kinanukia kama ndani ya sanduku la biharusi. Nikaenda kwenye ile fimbo, Daktari akanimulikia. Ncha yake imepata weusi, kidoa kama jicho la samaki. Moshi wa udi una mafuta yake, yameganda juu ya kioo, asubuhi leza imewashwa, imeyakaanga pale pale na kioo kikachomeka nayo.

"Daktari," nikasema, "viyoyozi vyangu vinatoa vumbi, sikatai. Vinatoa na maji. Kimoja cha Malindi kilitoa mjusi. Lakini haijapata kutokea kiyoyozi changu kikatoa udi wa maharusi."

Daktari Nadra akavuta hewa puani. Kisha akageuka taratibu. "Bwana Borafya. Umefukiza humu?"

"Kidogo," akasema Borafya.

"Kidogo vipi?"

"Kwa ajili ya wageni, Daktari. Nyumba haikai hivi hivi."

Nilidhani bibi atapiga kelele. Hakupiga. Alifunga macho tu, na mimi mtu akinifungia macho namna ile huwa natafuta mlango. Akasema, "Safisha kila kioo. Mimi natizama saa." Wageni walikuwa washapanda boti.

Wakafuta kwa spiriti, vioo vyote, na ndipo nilipomuona Borafya kalivua koti kwa mara ya kwanza tangu arudi. Mafuta yakatoka. Kile kidoa hakikutoka, kimeshaingia kwenye kioo. Fimbo ya akiba hakuna. Ikawa hapana budi, ile iliyoungua itolewe. Ikatolewa, Borafya akaisogeza miali mpaka ikakutana tena, na kwenye kompyuta ikatokea nundu. Ile ile ya zamani, nene, ya ng'ombe. Safu moja sasa fupi, nyengine ndefu, zinacheza kila moja ngoma yake.

"Toa na ya pili," Daktari akasema. "Ile ya njia nyengine."

Borafya akaishika ile fimbo nzima kwa mikono miwili. "Hii haina kosa, Daktari."

"Haina. Itoe."

"Tukiitoa mwanga unakuwa mfupi zaidi. Bonde letu litapotea. Tumeandika kwenye ripoti bonde limeshuka mpaka chini, mimi nimewambia watu."

"Umewambia watu gani?"

"Watu."

"Jang'ombe nzima," nikasaidia mimi.

"Wewe teremka ngazi," akanambia Borafya.

"Nipo chini."

Daktari Nadra akamsogelea. "Bwana Borafya, nisikilize. Tukiiacha tuna kilima kimoja na mashine inakwenda zake. Tukiitoa, safu zinakuwa sawa tena, fupi zote mbili. Tutapata vilima viwili vilivyobanana. Vibaya, lakini viwili. Unataka ripoti isiwe na kosa au unataka mashine?"

Hapo ndipo nilipomuona mtu anapigana na nafsi yake, na nafsi yake ilikuwa na nguvu kuliko yeye. Akaitizama fimbo. Akautizama mlango, kama vile shemegi yake amesimama pale na kitambaa cha kufutia miwani mkononi. Kisha akaitoa.

Na hapa namsifu, sitomsifu tena. Ukitoa kioo kwenye njia, ule mwali unafika mapema, na lazima uusogeze upya ukutane na mwenziwe, na kukutana kwenyewe ni kwa unywele wa unywele. Akaifuta mikono kwa kitambaa, akaishika parafujo. Akasogeza, akangoja, akasogeza, hasemi hata neno, na Borafya kutosema ni jambo la kuandikiwa tarehe. Tunasikia gari ya wageni inazima nje. Kompyuta ikachora. Juu ya nundu pakabonyea. Kibonde kidogo, kama godoro alipokalia mtu. Huku kilima, na huku kilima.

Wakaguzi wakaingia. Mkubwa wao Daktari Suhail, mtu wa bara, mrefu, mpole, miongoni mwa wapole wale wanaokutia khofu. Akavua viatu bila ya kuambiwa. Akavuta pumzi. "Mashaallah," akasema, "kunanukia."



Akakaa mbele ya kompyuta, akaiweka karafuu mwenyewe, akaipiga, akatizama. Akaitoa ripoti kwenye mkoba akaiweka pembeni ya picha. Akatizama hii, akatizama ile. "Hapa mmeandika bonde limeshuka mpaka chini. Hiki nnachokiona ni kibonde. Kimetokea nini?"

Daktari Nadra akamtizama Borafya. Nilimfahamu. Alikuwa hatomsema mzee, na pia hatomfunika. Borafya akanitizama mimi. Wallahi nililiona neno kiyoyozi limeshafika kooni kwake, nami nikamkazia macho, na nikashika bisibisi. Akameza.

"Nilifukiza udi," akasema.

"Umefukiza udi. Kwenye chumba cha leza."

"Kwa ajili yenu."

Wakaguzi wengine wakatizama sakafu. Mmoja mabega yakawa yanamcheza. Daktari Suhail hakucheka. "Na kisha?"

"Fimbo ikaungua. Ikatolewa. Daktari akasema nitoe na ya upande wa pili, miali iwe sawa. Mimi nilikataa. Kisha nikatoa."

"Ulikataa kwa nini?"

Borafya akafikiri. "Kwa kiburi," akasema, sauti ndogo kama mtu anayeagiza dawa asiyotaka wenziwe dukani wasikie.

"Lini yote haya?"

"Udi jana usiku. Mengine leo asubuhi, nyinyi mko kwenye boti."

Daktari Suhail akaisogeza miali mwenyewe, akapiga karafuu ya pili, na ya tatu. Kila mara kibonde kipo pale pale. Akatoka na wenzake ukumbini. Sisi tukabaki ndani. Borafya alikuwa anakunja koti, analikunjua, analikunja. Nilitaka nimwambie neno, na nilikuwa nalo zuri, nikaona niliweke.

Wakarudi. "Kule bara," Daktari Suhail akasema, "tunayo mashine kama hii. Kioo kimoja kilivunjika mwaka jana. Tumeifunika shuka, tunamngoja mtaalamu wa kuja kwa ndege. Nyinyi mmeiharibu usiku mmekuwa na vilima viwili kabla ya saa nne. Sisi tungeweza la kwanza tu." Akaifunga ripoti. "Mashine itabaki hapa. Fimbo mpya mtanunua wenyewe. Na ufunguo wa chumba atauweka Daktari Nadra, asiuache kwa mtu mwenye heshima nyingi."

Daktari Nadra akashukuru. Borafya akajibu "naam" kama aliyeitwa, na hajaitwa na mtu.

Wageni wakapelekwa kula. Mimi nikabaki kukusanya vyombo vyangu. Borafya alikuwa kakaa mbele ya ile picha, koti kaliweka magotini, kidole kinafuata mstari: kinapanda, kinabonyea kidogo, kinapanda tena.

"Mashine imebaki," nikamwambia. "Shemegi yako leo hali chakula."

"Imebaki." Akakigusa kile kibonde. "Lakini hiki kitanisuta mpaka fimbo mpya zije."

"Hakikutoshi peke yake, yakhe," nikasema, nikaitia ngazi begani. "Sisi wenzio barazani tutakipokea zamu."